Nimechoka na uzushi kuhusu Sarah Palin. Mnaompinga, mpingeni kwa aliyoyafanya

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za majukumu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi hapa jamvini, huwa napita kimya kimya. Leo nafungua uzi wangu kwa sababu nimejaa mpaka shingoni.

Jumamosi iliyopita, Juni hii ya 2011, nilikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa jamaa zetu huku Brooklyn Park, Minnesota. Wengi wetu wabeba boksi, yaani Watanzania tunaohangaika na kazi za huku Marekani, pilau imeiva, watoto wanakimbizana nje. Televisheni ya sebuleni ilikuwa inaonyesha mambo ya Juneau, mji mkuu wa Alaska: waandishi wa habari wanasukuma maboksi ya karatasi, kurasa zaidi ya 24,000 za barua pepe za Sarah Palin za wakati akiwa gavana. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba huyu mama akigombea urais mwakani nitamwombea, na ningekuwa na haki ya kupiga kura ningempa yangu. Kaka mmoja ninayemheshimu sana akaweka sahani chini, akaniuliza mbele ya watu: "Dada, huyo mama yako anajua hata unatoka nchi gani? Au kwake sote tunatoka nchi ya Afrika?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Mpaka mtoto wa kipaimara alicheka. Mimi nikabaki na kijiko mkononi.

Sikujibu siku ile kwa heshima ya shughuli ya watu. Najibu leo.

Nani kati yenu alimsikia Palin akisema Afrika ni nchi? Nani ana sauti yake, nani ana video? Jambo lenyewe lilianza hivi. Obama alishinda uchaguzi tarehe 4 Novemba 2008. Kesho yake mwandishi wa Fox News, Carl Cameron, akasema hewani kwamba ameambiwa na watu wa kampeni ya John McCain, mgombea urais wa Republican ambaye Palin alikuwa mgombea mwenza wake, kuwa Palin hakuelewa kwamba Afrika ni bara. Watu hao hakuwataja majina. Walikuwa wameanguka uchaguzi jana yake tu, kila mmoja anatafuta wa kumbebesha lawama, na Palin, mwanamke kutoka mji mdogo wa Wasilla huko Alaska, ndiye aliyekuwa karibu. Palin akakanusha, akasema maneno yake yamepotoshwa.

Siku chache baadaye kituo cha MSNBC kikatangaza kwamba mtoboa siri amepatikana, ni mshauri wa McCain aitwaye Martin Eisenstadt. Wakuu, mtu huyo hayupo duniani! Alibuniwa na watengeneza filamu wawili, wakampa tovuti na taasisi ya kubuni, na kituo kikubwa cha televisheni kikameza. Kikabidi kijisahihishe. Hilo peke yake halimaanishi kwamba Cameron aliongopa, na mimi nampokea neno lake, lakini miaka miwili na nusu imepita na hakuna hata mmoja aliyejitokeza kwa jina lake akasema, "Mimi nilimsikia." Mtu mzima mwenye shahada anasimama kwenye kipaimara kunisimanga kwa maneno ambayo hayana mwenyewe.

Na lile la Urusi ni hivyo hivyo. "Naiona Urusi kutoka nyumbani kwangu" alisema mchekeshaji Tina Fey kwenye Saturday Night Live. Palin mwenyewe aliulizwa na Charlie Gibson wa ABC, akajibu kwamba kuna kisiwa cha Alaska ambacho ukisimama unaiona nchi kavu ya Urusi. Ni kweli. Kati ya Diomede Ndogo ya Marekani na Diomede Kubwa ya Urusi ni maji ya kilomita 4 hivi. Watu wamekariri maneno ya mchekeshaji, wakamvisha yeye.

Lakini lililonichoma kuliko yote ni lile la mchungaji wa Kiambu, na nashangaa sisi wa Afrika Mashariki tulivyolinyamazia. Mwaka 2005, Palin akiwa anaingia kwenye mbio za ugavana, Mchungaji Thomas Muthee kutoka Kenya alihubiri kwenye kanisa la Wasilla Assembly of God, akamwombea. Aliomba Mungu amfungulie njia, apate fedha za kampeni, na amkinge na kila namna ya uchawi. Video ilipotoka Septemba 2008, vyombo vya habari vikaishika kana kwamba mtu amekamatwa na kichwa cha binadamu kwenye begi. Wiki nzima ni uchawi, uchawi, uchawi.

Jamani, nani kati yetu hajaombewa hivyo? Mimi naondoka Tukuyu kuja huku, wazee wa kanisa letu la Moravian walinizunguka sebuleni kwa mama, mikono juu ya kichwa changu, wakaomba nikingwe na ajali, na husuda, na wachawi wa njiani na wa huko niendako. Mama alikuwa ameshika begi langu muda wote wa maombi, hakuliweka chini. Zile zilikuwa sala za kwetu, na zilizokuwa zinachekwa kwenye televisheni za Marekani ni sala zile zile. Huyu mama anayesemwa haijui Afrika ndiye aliyesimama mbele ya kanisa lake akaombewa na mchungaji kutoka Kiambu, na hajawahi kumkana. Kaka yangu wa sahani ya pilau hilo halimkeri. Linalomkera ni sentensi isiyo na msemaji.

Nieleze kwa nini nampenda, maana nimeambiwa nimelishwa sumu na wazungu wa kanisani. Septemba 2008 mkutano mkuu wa Republican ulifanyika hapa hapa kwetu, St. Paul. Tarehe 3 usiku nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hotuba tukaitazama na bibi mmoja ninayemhudumia. Kamera ikageukia familia. Palin alikuwa amejifungua Aprili mwaka ule mtoto wa kiume, Trig, mwenye sindromu ya Down. Alijua hali ya mtoto mapema, mimba ikiwa changa, akaamua kumzaa. Trig alikuwa amelala mapajani mwa dada yake, Piper, mtoto wa miaka saba. Yule binti akalamba kiganja chake, akampangusa kaka mdogo nywele zilizosimama. Akalamba tena, akampangusa tena. Dunia nzima inatazama na yeye hana habari.

Nililia, wakuu. Mdogo wangu wa mwisho ana hali hiyo hiyo. Mama alikuwa akienda naye kliniki anambeba mgongoni na kumfunika kitenge mpaka kichwani, jua au mvua, wapita njia wasimwone uso. Wageni wakibisha hodi, mimi ndiye niliyetumwa kumpeleka jikoni. Nimefanya hivyo mara ngapi sijui. Sasa ana miaka 24, ndiye anayekama ng'ombe wa mama. Na hapo mbele yangu mwanamke anayegombea umakamu wa rais amepanda naye jukwaani, mbele ya kamera zote zilizopo.

Vyombo vya habari vilimfanyaje mtoto huyo? Kuna aliyekuwa mwandishi wa jarida kubwa la The Atlantic, Andrew Sullivan, aliyeshikilia kwa miezi na miaka kuhoji kama Trig ni mtoto wa Palin kweli. Alitaka mama aonyeshe karatasi za hospitali. Kwetu mtu akisema hivyo juu ya mzazi, wazee wanakaa. Na kwenye maboksi yale ya Juneau, ambako Washington Post, New York Times na Guardian la Uingereza waliwaita wasomaji wao wawasaidie kuchambua karatasi, kulikuwamo barua aliyowaandikia jamaa zake kabla hajajifungua, ikiwaandaa kumpokea mtoto, kwa sauti ya Mungu akizungumza nao. Hiyo ndiyo siri waliyoipata. Mwanamke mjamzito anawaomba watu wake wampende mtoto.

Haya, tuje kwenye kazi, maana mnasema hakufanya lolote. Hapa jamvini kila siku tunalia na dhahabu yetu ya Tanzania: mrabaha ulikuwa asilimia 3 miaka nenda rudi mpaka sheria ya 2010 ikapandisha kuwa 4, na tukashangilia. Palin alipokuwa kwenye tume ya mafuta na gesi ya Alaska alimlipua Randy Ruedrich, mwenyekiti wa chama chake mwenyewe jimboni, aliyekuwa anafanya kazi za chama kwenye ofisi ya umma. Ruedrich alilipa faini ya dola 12,000. Palin aliachia kazi kwa ajili ya jambo hilo. Mwaka 2006 akamng'oa kwenye kura za maoni gavana wa chama chake, Frank Murkowski, yule aliyemteua binti yake kurithi kiti chake cha Seneti. Mwaka 2007 akapandisha kodi ya makampuni ya mafuta, BP, ExxonMobil na ConocoPhillips wakiwa wanapiga kelele. Mwaka 2008 kila mkazi wa Alaska, mkubwa kwa mdogo, akapata dola 1,200 juu ya gawio la kila mwaka la dola 2,069. Mpingeni hapo basi! Hizo ndizo hoja. Kama kodi ile ilikuwa mbaya, tuelezeni ubaya wake. Lakini nani ameona mjadala wa kodi ile kwenye televisheni? Sisi tumeonyeshwa bei ya nguo alizonunuliwa na chama, na jarida la Newsweek likampiga jalada akiwa na bukta, picha aliyopiga kwa ajili ya jarida la wakimbiaji.

Simtetei kwa kila kitu. Alipoulizwa na Katie Couric anasoma magazeti gani akashindwa kutaja hata moja, mimi mwenyewe nilitoka jasho, maana yeye ni mtu aliyesomea uandishi wa habari. Na alipoachia ugavana Julai 2009 kabla ya muda wake nilikasirika, ingawa najua mashtaka ya maadili yalivyomrundikia madeni ya mawakili ya zaidi ya dola 500,000. Hayo yasemeni. Ni yake.

Ila la Tucson, Arizona, sitalisamehe. Tarehe 8 Januari 2011 kijana alifyatua risasi kwenye mkutano wa mbunge Gabrielle Giffords, akaua watu 6, mmoja mtoto wa miaka 9. Damu haijakauka, jina la Palin limeshatajwa, kwa sababu ya ramani ya kampeni ya Machi 2010 iliyowekwa alama za shabaha kwenye majimbo 20, la Giffords likiwemo. Ramani ile mimi sikuipenda hata ilipotoka. Lakini hakuna aliyeonyesha kwamba muuaji aliwahi kuiona. Mwanamke akabebeshwa maiti sita kwa saa chache, na waliombebesha hawajarudi kumwomba radhi.

Sasa kila kukicha ni atagombea, hatagombea. Ameanza safari ya basi mwishoni mwa Mei, waandishi wanalifukuza barabarani kutoka Gettysburg hadi Boston, na huko huko wanalalamika kwamba hawapewi ratiba. Si waache kumfuata? Alikula piza na Donald Trump New York, habari ikawa uma walioutumia. Mimi sijui atagombea au la. Ninachotaka, akigombea, aulizwe juu ya mafuta, deni la taifa, vita vya Afghanistan, mimba na uhai, kama Mitt Romney, mwenzake wa Republican, anavyoulizwa.

Najua wengine kinachowauma ni Obama. Baba yake ni wa Kogelo, damu yetu, na usiku ule wa 2008 nami nilipiga vigelegele kazini mpaka nikakemewa. Furaha ile sijaikana. Lakini imani yangu kuhusu mtoto aliye tumboni ninayo tangu Tukuyu, kabla sijamsikia Obama wala Palin, na Obama hayuko upande huo. Kwa hiyo msiniite msaliti wa rangi yangu kwenye shughuli za watu, mbele ya wanangu.

Kaka, najua unapita hapa jamvini. Kama una jina la mtu mmoja tu aliyemsikia Palin kwa masikio yake akisema Afrika ni nchi, liweke hapa chini. Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa, nitakuwa nachungulia saa za mapumziko.