Kuzunguka Mtwara na Lindi kwa lifti: tusimame wapi, na msimu gani?

Mpitanjia wa Mikindani

Ndugu zangu, salaam. Mimi na binamu yangu tunasoma chuo hapa Mtwara mjini, na likizo ijayo tumekusudia kuizunguka mikoa yetu miwili kwa kuomba lifti. Njia tuliyoipanga inatoka Mtwara hadi Mingoyo, inapita Mtama, Nyangao na Ndanda mpaka Masasi, inapanda uwanda wa Makonde kwenda Newala, halafu inarudi Mtwara kwa Tandahimba na Nanyamba. Tukishapumzika kidogo nyumbani, tungependa kwenda Lindi na Kilwa Masoko, na ikiwezekana tufike Liwale, ambako hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga.

Si kwamba nauli hatuna kabisa, lakini tukiimaliza yote kwenye mabasi hatutabakiwa na fedha ya kulala na kula. Isitoshe, basi la moja kwa moja halikupi nafasi ya kushuka Ndanda ukaitazama abasia ya Wabenediktini kisha ukaendelea na safari jioni. Ningependa wenyeji watueleze ni wapi mtu akisimama anapata gari bila kuungua na jua kutwa nzima, ni magari ya aina gani yanayobeba watu, na ni vipande vipi vya njia ambavyo ni heri kulipa nauli tu. Wapo wanaosema barabara za kusini hazina magari. Nadhani maneno hayo ni ya zamani, maana sisi tunayaona malori ya makaa ya mawe yakiingia bandarini usiku na mchana.

Muuza Duka wa Mnazi Mmoja

Mdogo wangu, karibu Mingoyo. Duka langu linatazama njia panda yenyewe, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nayaona nikiwa nimekaa.

Mikoa hii haina barabara kuu nyingi, na magari yote ya safari ndefu hulazimika kupita kwenye njia panda chache. Hapa Mingoyo barabara inayotoka Mtwara inagawanyika: moja inakwenda Lindi na Dar es Salaam, nyingine inakwenda Masasi na kuendelea hadi Tunduru na Songea. Masasi nako kuna mgawanyiko wa Newala, Nachingwea na Tunduru, na Mangaka ndipo wanapokunja wanaokwenda Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Upande wa Kilwa, njia panda ni Nangurukuru. Anayesafiri kwa lifti huku aziwazie njia panda zaidi ya kilomita, kwa kuwa kati ya moja na nyingine magari hupita kwa kasi na dereva haoni sababu ya kukanyaga breki kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kwa hiyo msipunge mikono hovyo. Hapa Mnazi Mmoja, kwenye njia panda hii ya Mingoyo, malori husimama yenyewe: dereva anashuka kunywa chai, na utingo anazunguka na kipande cha chuma akigonga tairi moja baada ya jingine huku akisikiliza mlio. Huo ndio wakati wa kuzungumza. Msalimieni dereva kwanza, mwambieni mnakokwenda, kisha muulizeni kama ana nafasi. Akisema hana, mshukuruni mwende kwa mwingine. Mtu aliyesalimiwa akiwa na kikombe mkononi hukubali upesi kuliko yule aliyewaona kwa kufumba na kufumbua kupitia kioo.

Lakini lililo kubwa zaidi ni msimu, na hili wengi hawalitilii maanani. Lori lenye mzigo lina dereva mwenye haraka ya kwenda kupakua, ilhali lori tupu lina dereva aliyetulia, ambaye asingechukia kupata fedha ya chakula njiani. Ukijua mzigo unaelekea wapi, umejua pia lori tupu linaelekea wapi. Minada ya korosho huanza Oktoba, na tangu hapo mpaka mwishoni mwa mwaka malori hushuka kutoka maghala ya Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea yakiwa yamejaa magunia ya kupeleka bandari ya Mtwara, kisha hupanda tena matupu. Basi miezi hiyo lifti rahisi ni ya kupanda. Mwezi wa tano na wa sita mambo hugeuka, kwa sababu salfa ya kupulizia mikorosho ndiyo inayopelekwa vijijini, na magari yanayoshuka ndiyo matupu. Ufuta wa Lindi hufuata katikati ya mwaka, halafu mbaazi. Makaa ya mawe hayafuati misimu hiyo ya mazao: yanatoka mkoa wa Ruvuma, yanapita Tunduru na Masasi hadi bandarini, na malori yake mengi hurudi bila mzigo. Ndiyo maana kipande cha Mingoyo kwenda Masasi kwa sasa ni chepesi kuliko vyote mlivyovitaja. Kabla lami ya Tunduru haijakamilika, nani angepitisha malori mengi kiasi hicho wakati wa masika?

Kutoka Mtwara mjini msiombe lifti mjini. Magari mengi huishia Mikindani au Mpapura, na asubuhi yote itapotea. Pandeni haisi mpaka Mingoyo, mlipe, muanzie huku. Kuhusu Newala, barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na lami ilianzia upande wa Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kabla ya ujenzi kusogezwa mbele. Yeyote anayepanda kutokea Masasi aondoke asubuhi mapema, kwa sababu alasiri magari ya uwandani hupungua sana.

Dereva wa Semi

Mzee wa duka amesema kweli tupu, ila amesahau upande wetu sisi tunaoshika usukani. Mimi huenda Songea na kurudi Mtwara.

Gari la mizigo halina leseni ya kubeba abiria. Trafiki akikuta kwenye kabini watu wasiohusika, anayetozwa faini ni dereva, na siku hizi tajiri anaona kwenye simu yake mahali gari liliposimama na limesimama kwa muda gani. Dereva anayekubali kuwabeba amejitwisha hatari hiyo yeye mwenyewe, kwa hiyo msitarajie kwamba atafanya hivyo kwa kupenda sura zenu. Patana naye kabla ya kupanda, taja na mahali utakaposhukia. Ugomvi mwingi ninaoujua ulianzia hapo: abiria alidhani amesaidiwa, dereva alidhani amepata nauli, na wote wawili wakaligundua hilo Ndanda mbele ya watu.

Tena mpo wawili. Kabini ya semi ina viti viwili na kitanda nyuma, na kiti kimoja ni cha utingo. Mmoja namchukua, wawili wataniletea matatizo kwenye kizuizi cha kwanza. Wengi wetu tutawaambia mgawane magari mawili, na hapo mtalazimika kuamua wenyewe.

Mkisimamisha gari barabarani, nyoosheni mkono kiganja kikiwa kimetazama chini, mkipunge polepole juu na chini. Dereva akionyesha kidole upande mmoja, anawaambia anakunja karibu, hivyo hawafai. Chagueni mahali pa tambarare penye bega pana la barabara, mbali na kona na mteremko, kwa kuwa gari lenye tani 30 halisimami ghafla kwa sababu mtu ametokeza kutoka kwenye kivuli cha mkorosho. Msikubali kukaa juu ya mzigo hata mkibembelezwa. Juu ya magunia ya salfa vumbi huwasha macho mpaka mtu hawezi kuyafumbua, na juu ya korosho tawi la mwembe likiwapitia usawa wa kifua hamtakuwa na pa kujishikilia. Dereva akikushusha kabla ya mizani akakuambia utembee ukamsubiri mbele, usiache begi lako ndani ya gari.

Muuguzi wa Newala

Wanangu, nimeyasoma yote, na naona wanaume mmejibu bila kuuliza. Huyo binamu ni wa kiume au wa kike?

Mpitanjia wa Mikindani

Shikamoo mama. Ni wa kike, na ndiye aliyelianzisha wazo hili. Alitaka tusafiri hata usiku ili tuokoe fedha ya kulala.

Muuguzi wa Newala

Marahaba. Basi suala la kugawana magari liondoeni kabisa, na la usiku pia. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo anayelazimika kutembea saa hizo ana njia yenye tiketi, kituo na jina kwenye orodha ya abiria. Kusimama gizani njia panda ya Masasi mkisubiri lori ni jambo ambalo mimi nisingelikubali hata kwa kijana wa kiume.

Sisemi msiombe lifti. Sisi watumishi tuliopangiwa vituo vya mbali tumeishi kwa lifti, hasa wakati ambapo gari la abiria lilitoka kijijini mara moja tu alfajiri na likijaa ndiyo basi tena. Lakini tuliomba kwa watu waliojulikana. Nendeni hospitali ya Ndanda au ya Nyangao asubuhi, mtakuta magari ya watu binafsi, yale ya namba za njano, yaliyoleta wagonjwa na yanarudi Masasi au Lindi yakiwa na nafasi. Dereva ameshaonwa na walinzi na ndugu wa wagonjwa, na mara nyingi ndani kuna mama mtu mzima. Magari ya parokia, ya walimu na ya wakaguzi wa korosho nayo ni mazuri. Ya Serikali, yenye namba za STK, ombeni ofisini kwa mhusika na si kwa dereva peke yake. Kabla ya kupanda gari lolote, mtumieni mtu wa nyumbani namba yake mbele ya dereva, bila kujificha, mwungwana hatachukia.

Mkifika Newala mtataka kwenda Shimo la Mungu kutazama bonde la Ruvuma kutoka juu, na mna haki. Ila msishuke kwenye vijiji vya mtoni kwa lifti za kubahatisha. Oktoba mwaka 2020 wanamgambo kutoka Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji, walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, na tangu hapo ulinzi wa mpakani haufanyiwi mzaha. Mgeni asiye na kitambulisho cha Taifa ataulizwa maswali mengi, na aliyembeba ataulizwa zaidi. Popote mtakapolala kijijini, jitambulisheni kwa mwenyekiti au mtendaji kabla jua halijazama. Hata mkikosa nyumba ya wageni, yeye ndiye atakayewaonyesha pa kulala.

Kutoka Newala kurudi Mtwara, lipeni nauli. Kwa sasa kipande hicho hakistahili kusumbukiwa.

Mwana Liwale

Nami niongeze la kwetu, kwa kuwa limetajwa mwishoni kana kwamba Liwale ni ya kupitia tu. Kutoka Nangurukuru hadi Liwale ni kilomita 230, na sehemu kubwa ni barabara ya udongo inayopita kwenye mapori. Magari ya kuomba ni machache, na yakiharibika mnalala hapo hapo na wenyewe, katika nchi ya tembo. Njia inayoeleweka ni ya Masasi na Nachingwea. Kwa hiyo mkitaka kuja, kateni kutoka Masasi katika ule mzunguko wenu wa kwanza badala ya kungoja safari ya Kilwa.

Msije wakati wa mvua. Hata barabara kuu ya pwani, ambayo tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 watu waliidhani imekwisha matatizo, ilikatika mapema Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliposomba madaraja na makalavati upande wa Somanga, na magari yakapanga foleni pande zote mbili kwa siku kadhaa. Kama lami ilikatika, fikirini udongo wetu unakuwaje.

Mpitanjia wa Mikindani

Nawashukuru sana. Tumekaa na binamu tukaipanga upya: tutakwenda Mingoyo kwa haisi, tutaomba lifti mchana kati ya Mingoyo, Nyangao, Ndanda na Masasi tukiwa pamoja kwenye gari moja, tutapanda basi kwenda Newala na kurudi Mtwara, na Liwale tunaiahirisha mpaka kiangazi. Limebaki la Kilwa. Je, kutoka Mingoyo hadi Nangurukuru ni bora kuomba malori ya saruji yanayokwenda Dar es Salaam, au tusimame Lindi mjini?

Muuza Duka wa Mnazi Mmoja

Msiende Lindi mjini, kwa kuwa gari kubwa la Dar es Salaam halina haja ya kushukia kule ufukweni. Anzeni hapa kwangu, na mfike kabla ya saa mbili asubuhi, maana madereva waliolala Mingoyo huondoka mapema. Waulizeni wenye saruji, lakini waulizeni pia wenye kenta za samaki na nazi, kwa sababu hizo husimama kila kijiji na zina nafasi ya watu wawili mbele. Mkishashuka Nangurukuru, Kilwa Masoko ni karibu na magari ya abiria yapo. Hapo lipeni tu.