Picha za ukumbini zinatoka ukungu, nibadilishe kamera?

bintiwapwani: Habarini wakuu, msaada tafadhali. Mwezi uliopita nimenunua Canon 700D ya mtumba na lenzi yake ile ya 18-55, miaka yote mimi ni wa simu tu. Nje mchana picha ziko poa mpaka watu wanauliza umepiga na nini. Sasa jumamosi kulikuwa na sendofu ya binamu yangu nikajitolea kupiga, aisee aibu, picha mia tatu na ushee za maana hata ishirini hazifiki, wanaocheza wamekuwa kama moshi, na bibi harusi akikaa mbele ya lile pazia jeupe uso unatoka mweusi tii. Nilikuwa kwenye oto, flashi nimezima maana inang'arisha mapaji ya watu. Tatizo kamera au mimi?

mzee_wa_shata: Usibadilishe kitu dada. Fungua picha moja mbovu kwenye kompyuta uangalie spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inakaa wazi kupokea mwanga. Halafu angalia ukungu wenyewe, kama kila kitu kimevutika hadi meza basi ni mkono wako, kama meza imetulia ila watu wamevutika ni wao walitembea, na kama pazia limekaa kali mtu ndo hafifu basi fokasi ilishika pazia. Hayo ni magonjwa matatu na dawa zake tofauti.

bintiwapwani: 1/13 ya sekunde. Meza na maua vimetulia kabisa

mzee_wa_shata: Nilijua tu. Ile IS (kizuia mtikisiko) ya kwenye lenzi inatuliza mkono wako, mtu anayecheza haimtulizi. Weka Tv, pale unapochagua shata wewe na mengine inapanga kamera, shata 1/160, ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga) oto na kwenye menyu iruhusu ifike 6400. Utaona chenga, vile vidoti vidoti, lakini heri chenga kuliko moshi.

kobe: Mi nasema aende M, apange kila kitu mwenyewe, moja kwa moja, oto na Tv zinalemaza

mzee_wa_shata: Kobe acha mambo yako, bibi harusi anaingia na wewe bado unazungusha kidude.

mama_picha: La pazia nikusaidie mimi. Kamera inadhani kila inachokiona kina mwanga wa wastani, ikikutana na jeupe kubwa inalipunguza liwe kama kijivu, na mtu mweusi aliyekaa mbele yake anazama humo humo. Ukiwa Tv bonyeza kile kitufe cha Av+/- ukishikilie, zungusha gurudumu mpaka +1. Pazia litaungua kidogo, liungue tu, hakuna aliyekuja kuangalia pazia. Ukipata hela tafuta 50mm f/1.8, 18-55 yako ukivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa tundu la lenzi ni dogo), hiyo nyingine inaingiza mwanga kama mara kumi zaidi. Ila kwa 700D itakuwa kama 80mm, yaani inavuta karibu zaidi, ukumbi mdogo utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta.

bintiwapwani: Nimejaribu sasa hivi sebuleni kwa mtoto wa dada anarukaruka kwenye kochi, 1/160 ametulia kabisaaa, chenga zipo lakini macho yanaonekana. Asanteni sana. Na hizi za sendofu zinaokoleka?

mama_picha: Za giza zinaongezeka mwanga kidogo, hasa kama ulipiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana kama JPEG. Zilizovutika hapana.

bintiwapwani: Nilipiga JPEG 😩 shangazi kapiga simu mara mbili leo nimemwambia albamu iko kwa fundi

kobe: fundi gani tena 😂