Mkanda wa kahawia kampiga konda kwa chenji ya 400, mwalimu kampongeza. Hii si karate!

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa siku nne nikijizuia kuandika, nimeshindwa. Atakayeona nimetumia maneno makali anivumilie.

Jumapili iliyopita, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa klabu ya karate anayofanyia mazoezi mwanangu hapa Dar (jina siliweki, waliomo wanajijua), ilitumwa video ya kama sekunde 40. Daladala imesimama kituoni. Kijana wa klabu, mkanda wa kahawia (ngazi ya chini tu ya mkanda mweusi), anadai chenji yake shilingi 400. Konda anamjibu jeuri, anamwambia hana chenji, ashuke. Kijana anashuka, anageuka, anamtupia ngumi ya uso na kuunganisha na teke la mbavu. Konda anakaa chini, damu zinamtoka puani. Nimeirudia video ile mara tatu nikitafuta mahali konda alipoinua mkono. Hapapo. Mkono mmoja ameshika noti, mwingine ameshika mlango.

Chini ya video mwalimu akaandika, akianza na salamu ya wanakarate: "Osu! Haya ndiyo matunda ya mazoezi." Wazazi wakafuata na alama za ngumi na moto. Kesho yake video imewekwa kwenye ukurasa wa klabu, na maneno ya kualika watu waje kujifunza kujilinda.

Kujilinda na nini? Na mtu aliyeshika noti?

Nikaandika kwa adabu zote: "Mwalimu, samahani, msingi wa karate ni kwamba haina pigo la kwanza. Kijana huyu aitwe, aelekezwe, na ikiwezekana akamwombe radhi yule konda." Nikajibiwa: "Mzee wangu, falsafa haizuii ngumi. Hapa tunafundisha mapigano, hadithi wasimulie wajukuu." Nusu saa baadaye nikatolewa kwenye kundi.

Basi nazisimulia hapa.

Nimeanza karate mwaka 1994. Mwalimu wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alitufagilisha ukumbi miezi miwili kabla hajatufundisha kukunja ngumi. Tulinung'unika sana. Siku moja akatuuliza, "Mnajua kwa nini Heian zote 5 zinaanza kwa kukinga?" Hakuna aliyejua. Heian ni kata, yaani mfululizo uliopangwa wa kukinga na kupiga unaochezwa peke yako. Tulikuwa tunazicheza kata hizo kila siku, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini tendo la kwanza kabisa si ngumi. Mwenye karate arudi leo aitazame Heian Shodan, ile ya kwanza: unageuka kushoto na mkono unashuka kufagia pigo la mtu mwingine. Mwili wako unafundishwa kusubiri hata kabla akili haijaelewa.

Mtu anayesema hizo ni hadithi za wajukuu hajui hata aliyemletea hiyo gi, vazi la karate aliyovaa, alikuwa nani. Gichin Funakoshi alizaliwa Shuri, kwenye kisiwa cha Okinawa ambacho leo ni cha Japani, mwaka 1868, na kazi yake ilikuwa ualimu wa shule. Mwalimu wa watoto, mpenda mashairi. Alipokwenda Tokyo mwaka 1922 kuionyesha karate, hakuipeleka kama dawa ya makonda. Aliacha kanuni 20. Ya kwanza inasema karate huanza kwa heshima na huisha kwa heshima. Ya pili ndiyo hii niliyotolewa kwenye kundi kwa ajili yake: karate ni sente nashi, karate haina pigo la kwanza. Maneno hayo ndiyo yaliyochongwa kwenye jiwe lake la kumbukumbu katika hekalu la Engaku-ji, Kamakura. Mtu amefundisha mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1957, na katika yote aliyofundisha wanafunzi wake wakaona hilo ndilo la kuchonga kwenye jiwe. Leo mwalimu wa klabu yetu analiita hadithi.

Na hakulianzisha yeye. Mwalimu wake, Anko Itosu, ndiye aliyeiingiza karate kwenye shule za Okinawa, na mwaka 1908 aliandika waraka wa mambo 10 kwa wakuu wa elimu. Jambo la kwanza kabisa ni kwamba karate si kwa faida ya mwili wako tu, na hata ukikutana na mkorofi ujitahidi kadiri uwezavyo usimjeruhi kwa ngumi na mateke. Waraka huo unahusu watoto wa shule! Kama wanangu na wanenu.

Kuna kisa Funakoshi amekisimulia mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake. Jioni moja alikuwa njiani, amebeba vikeki vya kuweka mbele ya madhabahu ya wazee waliotangulia. Wakamtokea wanaume wawili wakitaka pesa. Hana. Basi wakataka alichobeba. Huyu ni mtu aliyekwisha kusota miaka chini ya walimu wakubwa wawili wa Okinawa. Akawapa vikeki, wakaenda zao. Alipowaeleza walimu wake, Itosu alimwambia amefanya vyema. Azato, yule mwalimu wa pili, akamuuliza: sasa ulitoa nini madhabahuni? Akajibu kwamba alitoa sala ya moyoni. Azato akafurahi, akamwambia hiyo ndiyo roho ya karate.

Vikeki, jamani. Sisi tumemwaga damu ya mtoto wa mwenzetu kwa 400.

Najua mtakuja na hoja ya "mwizi akikuingilia usiku umsubiri akupige?" Ni hoja ya haki na nitaijibu kwa uaminifu. Choki Motobu, Mokinawa mwenzake Funakoshi na mtu aliyejulikana kwa kupigana kwelikweli, alisema wazi kwamba kanuni hii isichukuliwe neno kwa neno: pigano likiwa halikwepeki na adui amekwisha kukudhamiria, kumuwahi si kosa. Nami nakubaliana naye. Anayekujia na panga ameshatoa pigo la kwanza hata kama panga bado liko hewani. Lakini Motobu naye alianza na sharti kwamba usipigane ovyo. Hebu mnionyeshe kwenye ile video adui aliyedhamiria ni yupi. Mimi namwona mmoja tu, na amevaa fulana ya klabu yetu.

Jina lenyewe hawalijui. Zamani herufi ya "kara" ilikuwa ile ya kumaanisha China. Funakoshi na wenzake wakaibadilisha ikawa ile ya "tupu", na mwaka 1936 walimu wakubwa wakakutana Naha, huko huko Okinawa, wakaikubali. Wengi wanadhani utupu huo ni kutoshika silaha basi. Funakoshi alitaka zaidi: kwamba moyo usafishwe ubinafsi na uovu, uwe kama kioo kinachoonyesha kilicho mbele yake bila kukipotosha. Alitaja pia mwanzi, mtupu ndani na umenyooka. Yule kijana pale kituoni kifua kilikuwa kimejaa. Kilijaa chenji, kilijaa abiria waliokuwa wakimtazama, kilijaa mkanda wake. Hakumwona konda. Angemwona angeona kijana wa rika lake ambaye jioni ana hesabu ya tajiri inamsubiri.

Mkanda nao niuseme, kwa kifupi maana unaniumiza. Mwanangu amepewa mikanda mitatu ndani ya mwaka mmoja, kila mtihani 40,000. Nilimuuliza maneno ya dojo kun, hajawahi kuyasikia. Mambo matano tu yanayosomwa mwisho wa mazoezi! Kila moja linaanza na "hitotsu", yaani "moja", kwa sababu hakuna lililo chini ya mwenzake. La mwisho ni kujizuia na ukatili wa hasira. Na hata mkanda mweusi wa kwanza unaitwa shodan, ngazi ya kuanzia. Kwetu ukishaupata unafunguliwa klabu.

Wale wa kusema kuinama ni ibada ya Wajapani, naomba msiupeleke uzi huko. Nimelelewa Tanga, tulipiga goti kwa shikamoo na hakuna aliyesema tunaabudu wazee. Ukimwinamia mwenzako kabla ya kumite, yaani pambano, unamwambia mwili wake uko mikononi mwako kwa amana. Ndiyo maana ngumi inasimamishwa karibu na ngozi. Mliotazama Olimpiki ya Tokyo, Agosti 7, 2021, mnakumbuka fainali ya uzito wa juu: Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza 4 kwa 1, teke lake likamlaza Sajad Ganjzadeh wa Iran, akatolewa kwa machela. Dhahabu ikaenda kwa aliyelala, kwa sababu aliyesimama alizidisha nguvu. Watu walikasirika mno siku ile. Mimi niliona ni sawa, na bado naona ni sawa.

Jumatatu nilikwenda kituoni kumtafuta konda. Nilimpata siku ya pili. Pua imevimba, amekosa kazi siku moja. Nilimwomba radhi kwa niaba ya watu ambao hawajanituma, nikamwachia cha dawa. Aliniuliza swali moja, "Mzee, huko ndiko mnakofundishwa hivyo?" Nilishindwa kumjibu.

Ninachodai kwa klabu ni vitu vitatu na sitarudi nyuma: video ishushwe, kijana apelekwe kwa konda na mwalimu mwenyewe akiwa pembeni yake, na dojo kun isomwe kwa Kiswahili kila siku ya mazoezi mbele ya wazazi. Nimeandika barua kwa mkono na kuipeleka ukumbini jana. Sijajibiwa.

Mwanangu ana miaka 11, nimemsimamisha. Analia kila saa kumi na moja jioni wenzake wakipita na mabegi yao. Mwenye kujua klabu upande wa Temeke, Mbagala au Kigamboni ambako mtoto anafundishwa kufagia kabla ya kupiga, aniandikie hapa au inbox. Umbali si tatizo, nitampeleka mwenyewe.