Wakuu, databesi gani nyepesi ya kutafuta maneno haraka kwenye saiti yenye watu wengi?

koda_wa_usiku: Habarini wakuu, nina saiti ya matangazo madogo madogo, magari, viwanja, simu, vyumba vya kupanga, yote iko kwenye seva moja ya RAM 2GB. Kutafuta natumia amri ya databesi ya LIKE '%neno%' (tafuta neno popote ndani ya maandishi) na jioni watu wakijaa inakwama kwelikweli. Elasticsearch, ile injini kubwa ya kutafuta, siitaki, Java peke yake itameza RAM yote. Nataka kitu kinachokaa humohumo ndani ya programu, faili tu basi. Nimeona SQLite, DuckDB na Tantivy, nichukue ipi?

BwanaSeva: Mkuu LIKE ya hivyo inapitia tangazo mojamoja mpaka la mwisho, lazima ikwame. Weka SQLite na FTS5 yake (sehemu yake ya kutafuta maneno), ipo tangu 2015, inatengeneza indeksi ya maneno (orodha ya neno lipi liko tangazo lipi) na inapanga majibu kwa bm25, yaani yanayolingana zaidi yanatangulia. Halafu washa WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) ili wanaosoma wasimsubiri anayeandika. Saiti ya sqlite.org yenyewe inatumia SQLite na mwaka 2015 walisema ilikuwa inapokea rikwesti 400,000 hadi 500,000 kwa siku, sasa wewe na matangazo yako ya vyumba unaogopa nini 😂

mama_bagi: Ila anayeandika ni mmoja tu kwa wakati, weka busy_timeout (muda wa kusubiri zamu) la sivyo utaiona "database is locked" mpaka uchoke. Na kama unahesabu waliotazama kila ukurasa ukifunguliwa, acha hiyo tabia, zikusanye uziandike kwa mkupuo. DuckDB ni ya uchambuzi, indeksi yake ya maneno haijisasishi tangazo jipya likiingia. Tantivy iko vizuri kama unaandika kwa lugha ya Rust.

koda_wa_usiku: Asante dada, mi naandika PHP tu. Mtu akiandika "gari" atapata na "magari"?

BwanaSeva: Kwa kawaida hapati, na usihangaike na tokeniza (kikata maneno) ya porter, hiyo inakata miisho ya maneno ya Kiingereza. Tumia ya trigram, inayokata maneno vipande vya herufi tatu tatu, inashika hata kipande cha neno, "gari" inaingia ndani ya "magari" freshi kabisa.

koda_wa_usiku: Na kiwanja/viwanja?

mama_bagi: Hapo haikusaidii, tengeneza kiorodha chako cha umoja na wingi, programu itafute kiwanja OR viwanja. Jua pia trigram inavimbisha faili, na neno la herufi chini ya tatu haileti kitu, kwa hiyo wanaotafuta "TV" wapitishie njia nyingine.