Waliojifungua wakiwa na kisukari: sukari ya mtoto kushuka, tupeane uzoefu

MamaZuu: Wapendwa, mdogo wangu ana kisukari cha mimba na siku zimekaribia. Kaambiwa mtoto atatobolewa kisigino kupimwa sukari, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Usingizi hapati kwa hofu. Mliopitia, ilikuwaje?

Bi Mkubwa: Umenikumbusha mbali. Nilifanyiwa upasuaji, mtoto kilo 4.6, mashavu tele, kila anayemwona anasifia afya. Mimi nashonwa, yeye kafunikwa pembeni, hakuna aliyekumbuka kumnyonyesha. Nilipoletewa wodini alikuwa kalala fofofo. Namtia chuchu mdomoni, haikamati, matone yanamtoka pembeni. Nyayo za baridi. Mama mkwe anasema mwache, kachoka. Mara mkono mmoja ukaanza kurukaruka. Nikaushika utulie, ukaendelea kuruka ndani ya kiganja changu. Nilipiga kelele wodi nzima ikaamka. Nesi kupima sukari, mmol 1.1 kwa lita, iko chini mno! Akakimbizwa kutundikiwa dripu ya glukosi. Leo yuko shule na anaendelea vizuri, namshukuru Mungu, lakini uchungu haujanitoka. Faili langu liliandikwa kisukari toka kliniki ya kwanza. Kwa nini aachwe na njaa?

Nyota: Pole dada. Wangu naye alikuwa hivyo hivyo, analala tu.

Baba Kijana: Poleni, ila mnamtisha dada wa watu. Wangu alitetemeka, wakasema baridi, akafunikwa, yakaisha.

Bi Mkubwa: Alipimwa sukari? Kama hakupimwa, usiwaambie watu ni baridi.

Baba Kijana: Sijabishana na wewe dada. Nimesema yaliyonikuta.

Mkunga wa Zamu: Naomba niingie hapo. Sukari ya mama inavuka kondo la nyuma, insulini yake, yaani homoni inayoshusha sukari, haivuki. Kwa hiyo kongosho la mtoto linazoea kutoa insulini nyingi ya kwake. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma hapo hapo, insulini ya mtoto bado imejaa. Ndiyo maana saa za mwanzo ni za kuchunga, na unene si kinga. Mtetemo ukiushika ukatulia, mara nyingi si degedege. Usipotulia, ita mtu mbio. Vyovyote vile apimwe, maana wengine hawaonyeshi dalili yoyote.

Shangazi: Sisi tulilamba maji ya sukari tukakua. Kijiko kimoja tu.

Mkunga wa Zamu: Hapana shangazi, naomba sana. Yanamjaza tumbo asinyonye. Hospitali kuna jeli ya glukosi ya asilimia 40, inapimwa kwa uzito wake, inapakwa ndani ya shavu, kisha ananyonya.

MamaWawili: Mimi nilikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya titi, kabla ya uchungu, nikaihifadhi kwenye bomba dogo la sindano. Sukari iliposhuka tulikuwa nayo tayari. Mdogo wako aanze.

Nyota: Mimi nilikatazwa, eti inaleta uchungu mapema.

Mkunga wa Zamu: Utafiti wa Australia uliotoka 2017 ulionyesha ni salama kuanzia wiki ya 36 kwa wenye kisukari ambao mimba haina tatizo jingine. Mwenye historia ya kujifungua njiti aulize kwanza.

Mwanamalundi: Hayo yote ya nini? Maziwa ya kopo mara moja, yaishe.

MamaWawili: Kopo lije titi likishindikana na vipimo vikisema. Kwanza ngozi kwa ngozi, anyonye kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, hata akisinzia mwamshe.

MamaZuu: Nimemsomea zote. Anauliza, akipelekwa upasuaji, nani atamnyonyesha mtoto?

Bi Mkubwa: Aseme kabla hajaingia thieta, na wewe useme tena mlangoni. Awekewe kifuani angali anashonwa kama hali inaruhusu. Ikishindikana, baba avue shati amlaze kifuani kwake, na lile bomba la dang'a apewe nesi mkononi.

Baba Kijana: Hapo nakuunga mkono dada. Na aulize namba kila akipimwa, aiandike.