Mchezo wa bodi wa usalama wa baiskeli: watoto wanacheza ila hawajifunzi

Mwl_Kete:
Wakuu habari. Natengeneza mchezo wa bodi wa usalama wa baiskeli kwa darasa la nne hadi la sita, wachezaji 4, uishe ndani ya kipindi cha dakika 40. Kwa sasa uko kama nyoka na ngazi: visanduku 100, dadu moja. Ukiangukia "umevaa helmeti" unapanda, ukiangukia "umepita taa nyekundu" unashuka. Wanaufurahia, lakini ukiwauliza kwa nini mwenzao ameshuka wanajibu "dadu yake mbaya". Halafu kengele inalia hakuna aliyefika. Nirekebishe wapi? Bodi nataka iwe A2, kete ni vizibo vya soda.

Spoku32:
Mwalimu, hao watoto wako sahihi kabisa. Kwenye nyoka na ngazi mchezaji haamui chochote, kwa hiyo ajali inabaki kuwa mkosi. Mpe uamuzi wa mwendo.

Kabla ya kurusha, achague dadu moja (taratibu) au mbili (kasi). Sambaza makutano na zebra kama sita hivi njiani. Visanduku 3 vinavyotangulia kila kimoja vipake rangi ya njano. Anayerusha akiwa kwenye njano akapata 8 au zaidi, breki zimemshinda: anabaki katikati ya makutano na kupoteza zamu 2. Mwenye dadu moja hawezi kufika 8. Mwenye mbili ana hatari ya 15 kati ya 36, yaani asilimia 42 hivi. Mtoto ataitambua hatari hiyo kwa kucheza, bila wewe kumhubiria.

Ongeza kadi ya MVUA inayoshusha kikomo kutoka 8 hadi 6 kwa mzunguko mmoja. Sasa mwenye dadu mbili anashindwa mara 26 kati ya 36, na hata wa dadu moja akipata 6 ameteleza. Ndivyo ilivyo barabarani: breki za kubana rimu zikilowa huchelewa kushika.

Muda: dadu moja wastani wake ni 3.5. Visanduku 100 ni kama zamu 29 kwa kila mtoto, wanne ni 116, na kila zamu ikichukua sekunde 20 umeshafika dakika 39 kabla hujaeleza kanuni. Punguza hadi visanduku 54 upate dakika 21 hivi. Hapo kuna nafasi hata ya ugomvi.

Breki_Mbele:
Naunga mkono, ila hiyo helmeti ya kupandisha ngazi iondoe. Helmeti haizuii ajali, inapunguza madhara ya kichwa ukishaanguka. Kwenye mchezo iwe hivyohivyo: mwenye kadi ya helmeti anaanguka kama wengine, lakini badala ya kupoteza zamu 2 anapoteza 1. Ukimfanya asiguswe, unamfundisha kwamba akivaa anaweza kujirusha popote.

Taa na viakisi mwanga viwe kadi tofauti, vifanye kazi kwenye visanduku vya usiku tu. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma.

Kadi ambayo usiikose ni LORI LINAKATA KUSHOTO. Dereva wetu anakaa kulia, hivyo upande wa kushoto karibu na kichwa cha lori ndiko asikoona, na magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Jibu la kadi: baki nyuma yake, usijipenyeze. Nyingine ni abiria anayefungua mlango wa gari lililoegeshwa: pita mbali nalo kama mita moja.

Karatasi_A2:
Kwenye kuchapa: kizibo cha soda kina upana wa karibu sm 3. Watoto wanne wakikutana kwenye kisanduku cha sm 4 vizibo vinapandana na mchezo unavurugika. Tumia sm 6.5. A2 ni sm 42 kwa 59.4, kwa hiyo safu 6 za visanduku 9 zinaenea, na ni 54 zilezile za Spoku32. Chapisha kwenye turubai la mabango, karatasi hukatika kwenye mikunjo. Vizibo viwekee alama tofauti (duara, nyota, msalaba, mstari), maana kuna watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Picha za mtandaoni nyingi zinatoka nchi wanakoendesha upande wa kulia wa barabara. Ukizigeuza kwa kompyuta, cheni nayo inahamia kushoto mwa baiskeli, na watoto wa fundi watakucheka. Bora uchore.

Mwl_Kete:
Asanteni sana. Kipilefti nikiweke?

Spoku32:
Weka kimoja, mishale ifuate mwelekeo wa saa, na anayeingia ampishe aliye ndani anayetokea kulia kwake. Bodi ikienda Rwanda, Burundi au Kongo utachora upya, kule wanaendesha kulia. Kabla ya kuchapa nakala nyingi, wape watoto wanne kanuni zilizoandikwa, kaa pembeni bila kusema neno. Mstari watakaousoma mara tatu ndio wa kuandika upya.