"KAMA HUYU HAPA"?! Yule mwenye kipaza sauti ataniomba radhi mbele ya soko zima

MamaVifaranga:

Nimetoka sokoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka, nisipoandika nitapasuka. Mnamjua. Busia nzima, upande wetu wa Uganda, mnamjua, yule mtu wa afya wa koti jeupe lisilofungwa vifungo, anayeanza kuongea kabla gari halijasimama. Leo kaja kutufundisha habari za haya mafua mapya.

Nilimsikiliza vizuri. Kohoa kwenye kiwiko, sawa. Nawa kwa sabuni, sawa, ingawa bomba la soko limekauka na maji tunanunua kwa jerikani. Ukipata homa kaa nyumbani, sawa. Mimi nipo na matenga yangu ya kuku. Jirani yangu wa mahindi kawasha mkaa ule wa moshi, moshi wote ukanijia kooni. Nikakohoa. Mara moja! Tena kwenye kiwiko, kama alivyoagiza yeye mwenyewe!

Mtu akageuka, akaninyooshea kidole, kipaza sauti kipo mdomoni: "Wanaosambaza huu ugonjwa ni watu kama huyu hapa."

Kama huyu hapa!

Soko likanyamaza. Kuku wakanyamaza. Ile sauti ilivuka mpaka bila kitambulisho, nina hakika Kenya wameisikia. Kulikuwa na mteja ameshika majogoo wawili, miguu imeshafungwa, pesa iko mkononi. Akawaweka chini polepole kama mtu aliyegundua kaokota nyoka. Akaondoka kinyumenyume. Banange, kinyumenyume!

Januari 2017 homa ya ndege ilipoingia, ndege wakafa kule Lutembe ziwani, bata na kuku wakafa Masaka, Kenya ikafunga mlango kwa kuku wetu. Nilikaa na matenga yamejaa, nawalisha pumba mpaka wakanimaliza mimi. Nikavumilia, kwa sababu ule ugonjwa ulipimwa ukaonekana. Leo nani kanipima? Mafua mapya yanapimwa maabara Entebbe, hayapimwi kwa kidole!

Na kesho nani atakubali kusema anaumwa? Watu watameza kikohozi kama tonge la posho, wakae hivyo hivyo katikati yetu.

Kama huyu hapa. Huyu hapa ana kibanda. Huyu hapa ana watoto wanne wanaosoma kwa kuku hawa hawa. Aje na kipaza sauti kile kile, asimame pale pale.

RolexMbili:
Pole mama. Ila nilikuwepo, upande wa vitunguu. Ulikohoa mara tatu.

MamaVifaranga:
Mara MOJA. Ulihesabu ya mbuzi.

RolexMbili:
Ya pili ilimtoa jogoo kwenye tenga.

MamaMkaa:
Nyabo tuko pamoja. Huyo bwana mimi alinikuta nanyonyesha akaniuliza kwa kipaza sauti kama nimenawa. Kwa kipaza sauti! Mtoto akaacha ziwa mpaka jioni. Na hamjasema kubwa: alipomaliza kumsema MamaVifaranga alikohoa yeye mwenyewe, kwenye kiganja, halafu kiganja kile kile ndicho kilichogawa vikaratasi. Mimi changu nilikishika kwa jani la mgomba.

MamaVifaranga:
Mmeona? Kiganja! Mimi nilitumia KIWIKO. Na aliyeitwa "kama huyu hapa" ni mimi!

DerevaMalaba:
Dada, pole, sasa umeonja yetu. Mwaka 2020 sisi madereva wa malori ndio tulikuwa "kama huyu hapa" wa nchi nzima. Kila zikisomwa hesabu za wagonjwa wa korona, lazima mwisho waseme madereva wa malori wangapi. Nililala mpakani Malaba kwenye foleni nikisubiri majibu ya kipimo hadi nikawajua mbuzi wa pale kwa tabia zao. Mama wa chai alikuwa akiweka kikombe chini, anakisukuma kwa fimbo. Chai yenyewe imefika nusu. Bei kamili.

JiraniNgambo:
Huku ng'ambo ya mpaka, Kenya, kweli tumesikia. Mke wangu kaghairi kuku, tunakula sukuma.

MamaVifaranga:
Mwambie mkeo ni MOSHI.

NesiMstaafu:
Nimekaa wodini miaka mingi, na huyo bwana amenikera kuliko mnavyodhani. Mgonjwa ukimwaibisha leo, kesho anajificha, na ukija kumwona tena amebebwa. Kazi ya miezi inaharibiwa na kidole kimoja.

Sasa nisikilizeni, maana kwenye kelele zake hakufika hapa. Mafua ni virusi, na hizi antibayotiki mnazonunua dukani vidonge vinne vinne haziui virusi. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, mzee, mwenye pumu au kisukari: hao wakishikwa na homa msingoje, na mtu yeyote akianza kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za mafua zenyewe hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48. Fungueni madirisha. Kwenye taksi, hivi vibasi vyetu, yenye watu 14 na vioo vimepandishwa, kiwiko peke yake hakitoshi.

Na kuku aliyeiva hampi mtu mafua. Hata ile homa ya ndege ya 2017, H5N8, watu wa kwanza kutangazwa kuwa wameipata walikuwa wafanyakazi wa shamba la kuku huko Urusi, na hiyo ilikuwa Februari 2021.

MamaVifaranga, mwanangu, kikohozi kikiwepo kesho, usiende sokoni.

MamaVifaranga:
Mama nakuheshimu. Lakini ni MOSHI!

BintiNakivale:
Hivyo vikaratasi ni vya lugha gani? Vya kwetu huku Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, vilikuja kwa Kiingereza. Bibi yangu katoka Kivu, Kongo, anajua Kiswahili na lugha ya kwao, basi. Kakaa na karatasi jioni nzima anageuza picha ya mikono, akaniuliza kama wanakataza kusalimiana au wanakataza kuomba dua. Kiswahili kiliwekwa kwenye katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Bibi yangu afe akisubiri hao watoto wahitimu waje wamsomee?

MkazanaKampala:
Hapa Kampala ukiongea Kiswahili kwenye taksi watu wanashika mifuko yao, wanadhani ni mwizi au mwanajeshi.

AfandeMstaafu:
Rudia hiyo sentensi.

MkazanaKampala:
Afande sikusema wewe.

AfandeMstaafu:
Nimebeba Kiswahili hiki tangu kijana. Mtu wa Gulu, wa Mbarara na wa Soroti tulikula sahani moja kwa sababu yake. Unaniweka fungu moja na mwizi?

BabaMapacha:
Mnagombania lugha, mimi naogopa neno moja tu: "funga". Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Wasichana wangu waliondoka wanakaa dawati moja, walirudi hawaenei hata na mmoja akisimama. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa ameshafungua kibanda cha chapati, akakataa kurudi. Hesabu yake sasa ni ya mayai.

RolexMbili:
Nadhani namjua. Huyo naye ana kesi. Rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, ya mayai mawili anavunja yai moja, la pili analionyesha tu.

DerevaMalaba:
Wote siku hizi. Na chapati nyembamba, ukiinua unaona lori la mbele.

MamaMkaa:
Ni bei ya mayai, msiwaonee. Mafuta nayo.

JiraniNgambo:
Mayai huku hayashikiki kabisa. MamaVifaranga, trei unauza?

MamaVifaranga:
Nauza. Ya kienyeji na ya kisasa.

JiraniNgambo:
Nikichukua trei tano utanipunguzia?

MamaVifaranga:
Njoo saa moja asubuhi kabla ya wachuuzi. Ukiingia lango kubwa fuata moshi wa mahindi, nipo nyuma yake.